Mtapitia Wapi Mkitoka Kumzika Aling Petang

Baba Padri, ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa Sulok, wenzetu wa bendi, na ninyi mliosimama nje ya turubai kwa sababu mmechelewa kama kawaida yenu, naomba tutulie. Mimi ni Honorato Salonga, kinyozi wa hapo njia panda, mdogo wake marehemu, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma historia ya dada yangu kwa kuwa mumewe, mzee wetu Mang Doro, akisimama mbele ya watu anachojua ni kupuliza tarumbeta tu. Nitasoma kwa utaratibu, kuzaliwa hadi kufa, kama inavyopasa, ila kabla sijaanza niwakumbushe kwamba marehemu ametuachia swali moja, alilotuuliza kila tulipokwenda kumjulia hali, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu akaridhika: mkitoka kunizika, mtapitia wapi? Jibu litatolewa hapa, kabla jeneza halijatoka uani, lakini kwanza mjue kwa nini swali hilo lilimkosesha usingizi mwanamke ambaye maishani hakuogopa kitu ila sufuria kufunuliwa mapema.

Perpetua Salonga Cabrales, Petang kwetu nyumbani na Aling Petang, yaani Bi Petang, kwenu majirani, alizaliwa tarehe 6 Machi 1951, hapa hapa Sulok, Baliwag, katika mkoa wa Bulacan, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Severino Salonga, msusi wa kofia, na mama Gliceria, aliyekuwa akipika nyumbani vile vikeki vyetu vya mchele vya mvuke, puto, vyeupe, vitupu, visivyo na kitu juu. Jina lake lilitoka kwenye kalenda ya watakatifu iliyotundikwa juu ya mtungi wa maji, naye alijivunia hilo hadi mwisho, kwa maana mimi nilipozaliwa miaka minne baadaye kalenda ilikuwa imelowa, mama akasoma alichoweza kusoma.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu na kumaliza mwaka 1964, akiwa hodari wa hesabu na mbovu wa kukaa kimya, akaingia sekondari kwa mwaka mmoja, kisha akaitwa nyumbani kumsaidia mama aliyeanza kuumwa viungo vya mikono. Lakini elimu yake kubwa aliipata Desemba ya mwaka 1963, pale baba yake wa ubatizo alipotuletea jibini la Krismasi, lile la duara lenye koti la nta nyekundu, likawekwa juu ya kabati kusubiri mkesha wa Noeli, sisi watoto tukiruhusiwa kulitazama tu. Dada yangu alilitazama mpaka uvumilivu ukamwisha, akapanda kiti, akakwangua kipande, na mara akasikia ndara za mama zinakuja, na kwa kuwa gauni lake halikuwa na mfuko, alifunua sufuria iliyokuwa motoni, akakidondosha humo, akafunika. Mama alipokuja kuipua, alikuta katikati ya weupe wote kikeki kimoja kimevaa kofia ya manjano.

“Nani katia sabuni humu?” mama aliuliza.

“Sijui, Mama, labda Atong,” akajibu marehemu, akinitaja mimi kwa jina la nyumbani, yeye ambaye leo tunamwita mtu wa haki.

Mama akakionja ili apate ushahidi, akakionja tena, akakimaliza, kisha akatuchapa wote wawili, dada kwa kuiba, mimi kwa kuona na kunyamaza. Kulipotulia alimwita dada pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini, “Ulitia mwanzo au mwisho?” Dada akasema mwisho, puto zilikuwa zimeshaumuka. “Basi kesho tia tena,” mama akasema, “na baba yako asijue.” Wapo wanaodai kwamba jibini juu ya puto liligunduliwa kwingine na watu wengine, nami sibishi, wakifa wao ndugu zao watasoma historia zao.

Kazi yake marehemu aliianza rasmi mwaka 1965, jikoni, akiwa na sufuria moja ya mvuke, vikombe vya bati na kitambaa cha gunia la unga. Kwa wale mnaojaribu kwenu na mnatoa vitu vya ajabu, niseme mara moja tu, na kwa idhini ya familia: kitambaa hufungwa kwenye mfuniko, ili jasho la mvuke lisidondoke na kuzitoboa puto nyuso, uji wa unga hujazwa vikombeni usifike ukingoni, moto usiwe wa hasira, na sufuria haifunuliwi hata akipita askofu. Zikishaumuka na kushika, ndipo mfuniko unainuliwa mara moja, jibini linalazwa juu, unafunikwa tena, na muda si muda zinaipuliwa. “Jibini likiwahi, linazama,” alikuwa akisema, “likichelewa, linanuna.” Miaka ya baadaye aliacha kusaga mchele akahamia unga wa ngano na beking pauda, mama akalia siku mbili, lakini kuhusu saa ya jibini hakubadilika, na hakutaka mtu agombane karibu na sufuria, ila yeye mwenyewe.

Sasa nifike pale palipomfanya kuwa Aling Petang mnayemlilia. Nyumba yetu, mnaijua, ipo kwenye kona ambayo lazima uipite ukitoka makaburini na ukitoka kwenye misiba mingi ya mtaa huu, na sisi sote tumelelewa kwamba mtu akitoka msibani haendi kwake moja kwa moja, sharti apitie mahali kwanza akajikung'ute, amwache marehemu hapo, la sivyo atamfuata hadi mlangoni. Zamani watu walipitia duka la sigara. Mwaka wa mafuriko makubwa, 1972, mwezi wa Julai, duka lile lilikuwa ndani ya maji, na waombolezaji wa mzee mmoja wa bendi walirudi kutoka makaburini wamelowa hadi kiunoni, hawajui pa kupitia, wakasikia harufu, wakageuza shingo zote kwa pamoja kuelekea dirisha la jikoni.

“Aling Petang, tunaweza kujikung'uta hapo kwako?” akauliza mmoja.

“Jikung'uteni ubarazani, ndani pana unga,” akajibu dada, “na aliyewafuata mwambieni asiguse mfuniko.”

Tangu siku ile hapakuwa na msiba Sulok usiopitia kwake. Wahenga walisema kufa kufaana, na dada yangu hakuliona hilo kuwa aibu, alisema mtu akitoka kuzika anatetemeka, na anayetetemeka anahitaji kitu cha moto mkononi kabla ya kitu cha moyoni. Wamekaa hapa wajane ambao hawakuwa wameonja chochote tangu msiba uanze, wakala puto ya kwanza wakiwa wanalia, ya pili wakiwa wanapenga kamasi, na ya tatu wakiuliza kama zipo za kufungiwa. Baba Padri wetu, Mungu ambariki, alihubiri Jumapili kwamba kujikung'uta ni ushirikina, na Jumatatu baada ya maziko akapitia, akasema yeye kapitia kahawa. Usitazame chini, Baba, hatuna kinyongo, ulikula sita.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Teodoro Cabrales tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa la parokia, baada ya uchumba ulioanza kwa utata. Doro alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya maziko, kwa hiyo alipitia kwetu kila maziko kama wenzake wote, tukamzoea. Baadaye akaanza kupitia hata siku ambazo hapakuwa na maziko. Baba alimvumilia kwa muda, kisha akamtokea barazani.

“Kijana, nani kafa?”

“Hajafa mtu, Baba.”

“Sasa hapa kwangu unakung'uta nini?”

Doro akapuliza tarumbeta kidogo, nadhani ni kwa hofu, baba akamwonyesha kinu cha mawe cha kusagia mchele, akamwambia kama anataka kukaa kwenye nyumba hii basi awe na kazi. Akasaga kama kijana yeyote wa zamani anayetumikia kwa wakwe, masika hadi kiangazi, mashavu yakapungua, mabega yakaongezeka, na dada akampenda kwa sababu, alivyonieleza mwenyewe, alikuwa mwanamume wa kwanza kukaa mbele ya sufuria yake bila kuomba ifunuliwe. Hilo ndilo pendo la dada yangu, msitafute lingine. Walidumu katika ndoa hadi mauti ilipowatenganisha wiki iliyopita, na nikuambie shemeji yangu Doro, hapo ulipokaa na tarumbeta mapajani, hukuwahi kumsifia puto zake kwa mdomo, lakini sote tulikuwa tunahesabu vikombe vilivyorudi vitupu.

Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, Isagani, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1977, baharia, aliyefika juzi kutoka melini na ambaye hajaacha kulia, mpeni maji. Isagani alimwoa Jovelyn mwaka 2004, wakajenga mtaa wa pili, na hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao ninyi nyote mliufuata kuliko mnavyofuata uchaguzi. Jovelyn, mkwe wetu, alitaka kujifunza, akajifunza haraka, ila alikuwa na mawazo yake, alitaka jibini jingine likwanguliwe ndani ya uji wa unga tangu mwanzo, ili, kwa maneno yake, mlaji asikutane nalo juu tu kama salamu ya mlangoni.

“Mama, jaribu mara moja tu.”

“Mwanangu, mimi sijaribu, mimi napika.”

“Basi nikapikie kwangu.”

“Kapikie, habari nitaletewa hapa hapa.”

Miaka ikapita, mkwe akipika kwake na mama mkwe akipika kwake, kila mmoja akituma mtu kwenda kuonja kwa mwenzake kwa siri, na mara nyingi aliyetumwa pande zote mbili nilikuwa mimi, ndiyo maana mnaniona na kitambi hiki. Lakini hakuna siku marehemu alikwenda mwenyewe kuketi kwa mkwewe. Si kwa chuki. Hakwenda kwa mtu yeyote. Mjukuu alipobatizwa alikuja kanisani, akasimama karibu na mlango, maji yalipogusa kichwa cha mtoto akasema amina, akarudi mbio kwa sababu mtaa wa juu palikuwa na maziko na watu walikuwa wanakuja. Harusi zenu hakuzila, sikukuu ya mtaa hakuitembea, ukimwalika anasema “nitakuja siku ambayo hajafa mtu”, nasi Sulok, Mungu atusamehe, siku hiyo hatukumpa.

Mama yetu alifariki tarehe 19 Aprili 1988, na nalitaja hapa kwa sababu linahusu swali. Nyumba yenye msiba haiwezi kuwa pa kujikung'utia, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo tulipotoka kumzika mama, watu wakakosa pa kupitia, wakaja kwangu kwenye kibanda cha kunyolea. Sikuwa na hata biskuti. Wakakaa kwenye viti, mikono ikaniwasha, nikawafunga mashuka, nusu ya waombolezaji wakatoka wamenyolewa. Dada yangu alipowaona wanapita na vipara vyao hakunisemesha mpaka Krismasi, na aliponisemesha alisema, “Mama yetu umemwacha kwenye nywele, Atong. Mimi usije ukaniacha kwenye nywele.”

Hapo ndipo lilipozaliwa swali. Dada yangu alipokea waliowafuata watu wote wa mtaa huu, alikuwa akisema jikoni mwake wamejaa wote, wazee wa bendi, bibi harusi aliyekufa kwa homa, yule mkulima wa vitunguu aliyekuwa akikopa hata akiwa hai, na hakuwaogopa, aliwaambia tu wakae mbali na mvuke. Alichoogopa ni kitu kimoja. Yeye akifa ataachwa wapi?

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mnamo Februari 2023, akalazwa mara mbili katika hospitali ya mkoa, ambako daktari alimkataza chumvi, ngazi na jibini. “Daktari, mimi silili,” akamwambia, “mimi nalitazama tu likiyeyuka.” Daktari akasema kulitazama hajakukataza, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Mwaka huu mwezi wa Julai miguu ilivimba, akashindwa kusimama mbele ya sufuria, akawa anapika akiwa kitandani kwa kumpigia Doro kelele, na Agosti moto wa jikoni ulizimwa kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Mkaanza kuja kumwona, na kila aliyekuja alikaribishwa na swali badala ya kahawa.

“Mkitoka kunizika mtapitia wapi?”

“Aling Petang, usiseme hivyo, utapona,” akasema Baldo, mpiga ngoma.

“Baldo, sijakuuliza kama nitapona. Nimekuuliza mtapitia wapi.”

Baldo akataja lile duka jipya la mikate la njia panda, wanakouza puto zenye rangi ya njano ya kununua, jibini limezama hata halionekani, na dada akainuka kitandani mwenyewe, bila kusaidiwa, kwa mara ya kwanza ndani ya wiki. “Mkiniacha pale, nitarudi,” akasema, “na nitaanza na wewe.” Mwingine akapendekeza kinyozi, nikatolewa nje mimi ambaye sikuwa nimefungua mdomo. Mwishowe Jovelyn akapiga magoti kando ya kitanda.

“Nitapika mimi, Mama. Wapitie kwangu.”

Dada akauliza, “Jibini utatia lini?”

“Mwisho, Mama.”

“Muongo,” akasema dada, lakini alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka akalala. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alifariki dunia tarehe 11 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa kando yake, na swali likabaki hewani.

Nanyi mmeliona siku hizi zote za kukesha. Mmekuja, mmecheza karata, mmekunywa kahawa yetu na kula karanga zetu, kisha mnatoka, sisi wafiwa kwa mila haturuhusiwi kuwasindikiza hadi mlangoni, tunawaangalia kupitia dirishani, mmesimama kwenye kona kama bata waliopotea, mnatazama mlango wa jiko lililofungwa, hamjui mwende wapi. Baldo alizunguka kituo cha mafuta mara tatu, akadhani hakuna anayemwona. Juzi Doro alishindwa kuvumilia, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, “Nendeni basi, hata mimi sijui!” kisha akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani za dhati kwa daktari wa moyo na wauguzi wa hospitali ya mkoa, waliomvumilia akiwafundisha kufunika sufuria zao, kwa majirani wote mliochangia mchele, kahawa, viti na turubai, kwa wanabendi wenzake Doro mtakaopuliza leo bila malipo na, naomba sana, kwa sauti moja, kwa Baba Padri kwa mafuta matakatifu na kwa kuendelea kupitia, na kwa mkwe wetu Jovelyn, ambaye ameamka mapema, amewasha moto kwake, na hadi ninaposimama hapa ameshaipua puto za kutosha mtaa mzima. Nimezionja. Jibini liko juu. Na liko ndani pia, Jovelyn, usinikonyeze, nimelikuta, na ninasema mbele ya jeneza hili kwamba ni tamu, dada akinikatalia agonge.

Sasa jibu. Nimelifikiri kama mtu mkubwa wa ukoo huu, na wazee mkitaka kunilaumu, lawama naibeba mimi. Tukitoka makaburini, msipitie popote. Si kwa kinyozi, si kwenye duka la mikate la njia panda, si kwa Jovelyn. Pale kwenye geti la makaburi mtakuta masinia ya puto za Jovelyn, kila nyumba ichukue zake, ndiyo, najua chakula cha msibani hakiendi nyumbani, leo kinaenda, kisha kila mmoja ashike njia ya kwake moja kwa moja, bila kusimama, bila kujikung'uta, hata vumbi la kaburi liacheni kwenye viatu. Mwanamke huyu aliwazuia wafu wenu wasiwafuate, na kwa kazi hiyo hakuwahi kukanyaga nyumba ya hata mmoja wenu. Mwacheni awafuate. Mkifika, msifunge mlango haraka, vuteni kiti kimoja cha ziada, wekeni puto mezani zikiwa bado na moto, na kama mfuniko wa sufuria yako hauna kitambaa, ufiche. Isagani, Jovelyn, ninyi ataanza na ninyi, ameshachelewa miaka ishirini. Mimi ninaishi peke yangu nyuma ya kibanda cha kunyolea, lakini nimeshafagia.

Haya, wanabendi, inueni tarumbeta. Doro, nyanyuka. Dada yangu Petang, hakuna maziko mengine leo, jiko limezimwa, twende tukutembeze, na ukichoka kutembea, pumzika, moto tutauangalia sisi.